Kilele cha nani? Istilahi za muundo wa hadithi tunazozichanganya

Mswada unarudi na maoni mawili pembeni. Msomaji wa kwanza anasema kilele kimekuja mapema mno, wa pili anasema kimekaa mahali pake. Wote wamesoma ukurasa uleule, na huenda wote wana haki: mmoja amejifunza kilele kwa Gustav Freytag, mchambuzi wa tamthiliya wa Ujerumani, mwingine kwenye mafunzo ya kuandika filamu. Mwandishi asiyelijua hilo hukata kurasa 20 ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Istilahi za muundo zimetoka kwenye nadharia mbalimbali, na kila nadharia ilitengeneza vipimo vyake kwa kazi yake. Mialoni, yaani ufukweni mwa ziwa wavuvi wanapoteremshia samaki, dagaa wabichi huuzwa kwa ndoo na sangara kwa kilo; anayeuliza bei ya ndoo ya sangara hajakosea hesabu, amekosea kipimo. Kwenye vikao vya kusomeana miswada, iwe Malimbe na Nyakato hapa Mwanza au Sengerema, ng'ambo ya maji, sehemu kubwa ya ubishi ni wa aina hiyo.

Tutapitia dhana zilizozoeleka, moja moja, na kuzipima kwa mifano miwili. Wa kwanza ni ngano inayojulikana Usukumani kote. Zimwi Shing'weng'we linameza watu wote na mifugo yao. Anabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Anajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto anakua, anauliza watu wengine wako wapi, anaambiwa, anaingia porini. Anaua panzi na kumuuliza mama yake: ndiye Shing'weng'we huyu? Siye. Anaua ndege. Siye. Anaua swala. Siye. Mwisho analipata zimwi lenyewe, analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka wazima. Katika kupasua, kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja, naye anaanza kumtafutia ubaya kijana aliyemwokoa. Anatibiwa, yanaisha, kijana anatawazwa mtemi. Wasimulizi hutofautiana kwenye wanyama na kwenye mambo madogo madogo, ila mifupa ya ngano ndiyo hiyo.

Mfano wa pili ni wa kutungwa, mwaloni Igombe. Bi Nyamizi anaanika dagaa mchangani kama wenzake. Mvua ikishuka, mzigo unaoza au unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Anaamua akina mama wachangishane, wajenge chanja za nyavu za kuanikia kabla ya vuli. Mzee Bugumba, mwenyekiti wa mwalo, anakataa, kwa sababu eneo wanalolitaka ndipo mitumbwi inapovutwa nchi kavu kuzibwa. Mnunuzi wa dagaa wa kuku naye anawapa akina mama fedha za mbele, mradi mzigo uendelee kuanikwa mchangani. Yote haya tunayaona kupitia Kulwa, binti wa Nyamizi mwenye miaka 12, anayeona haya kunuka dagaa shuleni. Pacha wake Doto haoni haya hata kidogo. Mapumziko yakifika anawauzia wenzake dagaa wa kukaanga.

Dhana: “Mhusika mkuu, shujaa na protagonisti ni mtu yuleyule.”

Mitihani imetuzoesha kwamba mhusika mkuu ni yule anayejitokeza tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kujibu swali la fani na maudhui inatosha. Kwa kutengeneza mswada haitoshi, na hapa ndipo miswada mingi inapoumizwa.

Dramatica, nadharia ya muundo wa hadithi iliyotolewa na Melanie Anne Phillips na Chris Huntley mwanzoni mwa miaka ya 1990, inatenganisha kazi mbili. Protagonisti ni yule anayelisukuma lengo la hadithi nzima. Mhusika mkuu ni yule ambaye msomaji anakaa ndani yake, akiona kwa macho yake na kusumbuliwa na linalomsumbua. Mtu mmoja akibeba kazi zote mbili, nadharia hiyo humwita shujaa. Kwa hiyo shujaa hapa hana maana ya mtu mwema wala jasiri. Ni jina la kazi mbili zilizowekwa begani kwa mtu mmoja.

Kuzitambua kunahitaji maswali mawili. La kwanza: nani akiugua wiki mbili, suala la chanja linakufa? Nyamizi. La pili: nani akitolewa kwenye hadithi, hatuna tena pa kusimama tukatazama? Kulwa. Basi protagonisti ni mama, mhusika mkuu ni binti. Masala Kulangwa, kwa upande wake, anabeba kazi zote mbili, ndiyo maana ngano ile haitusumbui kwa swali hili.

Sasa angalia kinachoharibika. Msomaji anaandika pembeni: “Mhusika mkuu goigoi, hafanyi kitu.” Mwandishi anatii. Anamfanya mtoto wa miaka 12 akusanye michango na kuhutubia mkutano wa mwalo mbele ya wazee. Hakuna mtu wa Igombe atakayeliamini hilo, na Nyamizi anabaki bila kazi. Dawa ilikuwa kwingine: kumpa Kulwa tatizo lake mwenyewe lenye mwendo wake mwenyewe.

Mwendo huo una jina. Dramatica inahesabu mikondo minne: wa hadithi nzima (vita ya chanja), wa mhusika mkuu (aibu ya Kulwa), wa mshawishi, yaani anayemfanya mhusika mkuu autilie shaka msimamo wake (Doto), na wa uhusiano kati ya mhusika mkuu na mshawishi (mapacha wanavyoachana na kurudiana). Kila mkondo hupita vituo vinne, hivyo hadithi iliyokamilika ina vituo 16. Chukua karatasi, chora mistari minne ya kulala, weka visanduku vinne kwenye kila mstari, andika sentensi moja kila kisanduku. Mswada unaoitwa “goigoi” mara nyingi utaonyesha mkondo wa hadithi nzima umejaa, na wa mhusika mkuu una sentensi kisanduku cha kwanza na cha mwisho tu.

Mshawishi naye hueleweka vibaya. Watu hudhani lazima awe mshauri anayetoa hotuba. Doto hamshauri Kulwa lolote. Kuwepo kwake tu, na sahani ya dagaa mkononi, kunamlazimisha Kulwa ajiulize kama aibu ile ina maana yoyote.

Dhana: “Antagonisti ni mtu mbaya.”

Antagonisti ni anayetaka lengo lizuiwe au liachwe, basi. Tabia ni jambo jingine. Mzee Bugumba anaweza kuwa mtu wa kuheshimika kuliko wote mwaloni, na sababu zake zikawa na uzito: mtumbwi usiozibwa unazamisha watu. Ukimpaka uovu ili “aonekane mpinzani”, unaua hoja iliyokuwa inaipa hadithi nguvu.

Mwovu halisi wa kisa hiki, kama yupo, ni mnunuzi wa dagaa wa kuku, lakini yeye si antagonisti. Hapingi chanja waziwazi. Anavuta watu pembeni kwa fedha ya haraka. Dramatica ina jina lake: kontagonisti, anayekwamisha na kushawishi. Tofauti yake ina matumizi. Antagonisti anaandikiwa maonyesho ya kugongana ana kwa ana, mkutano, barua ya kukataza. Kontagonisti anaandikiwa maonyesho ya kupewa: chai, mkopo, maneno matamu, risiti. Ukiwachanganya wawili hawa kwenye mtu mmoja bila kukusudia, msomaji hataelewa kwa nini jana alitisha na leo anagawa hela.

Dhana: “Mhusika asiyebadilika ni bapa, na hadithi yake haijakamilika.”

Hapa vipimo viwili vimegongana. Ubapa na uduara ni vya E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, 1927, na vinahusu upana wa mhusika: bapa ni yule wa upande mmoja tu, duara ni yule anayeweza kutushangaza na bado tukamwamini. Kubadilika au kushikilia msimamo ni kipimo kingine kabisa. Masala Kulangwa habadiliki. Anauliza swali lilelile kuanzia panzi hadi zimwi. Lakini anakua, maana kila jibu la “siye” lingeweza kumkatisha tamaa na halikumkatisha. Mhusika wa msimamo hukua kwa kuzidi kushikilia, huku shinikizo likipanda. Shinikizo lisipopanda ndipo anapoonekana gogo. Kwa hiyo kabla hujamlazimisha mhusika wako atubu ukurasa wa mwisho, kagua kama vizuizi vyake vinakua kutoka panzi kwenda swala, au anaua panzi watatu mfululizo.

Kanuni ya kufaa: kati ya mhusika mkuu na mshawishi, mmoja hubadilika na mwingine hushikilia. Wote wawili wakibadilika, wanapishana njiani na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Dhana: “Kilele ni pambano la mwisho.”

Inategemea unamfuata nani. Freytag, katika kitabu chake cha 1863 kuhusu ufundi wa tamthiliya, aligawa tanzia, yaani tamthiliya ya huzuni, kwenye sehemu tano: utangulizi, kupanda, kilele, kushuka, maangamizi. Kilele ni sehemu ya tatu, yaani katikati, pale mambo ya mhusika yanapogeuka. Baada yake kuna nusu nzima ya kazi. Tena alikuwa anachambua tanzia, za Kigiriki, za Shakespeare na za Wajerumani. Hakuwa anatoa ramani ya hadithi fupi ya kurasa sita, ingawa piramidi yake ndiyo inayochorwa ubaoni kila mara, na wachoraji wengi wanaisogeza ncha kulia ili ifanane na filamu.

Kwa waandishi wa filamu, kilele ni pambano linaloamua kama lengo limefikiwa, na kinakaa karibu na mwisho. Kwenye kisa cha Igombe, kilele cha Freytag kingekuwa siku chanja ya kwanza inaposimama, kabla fedha za mbele hazijaanza kudaiwa na mambo kuporomoka. Kilele cha filamu kingekuwa mkutano wa mwalo wa kupiga kura juu ya eneo. Matukio mawili, kurasa nyingi katikati yake. Ukitoa maoni kwenye mswada wa mwenzako, acha neno kilele kabisa. Andika “mgeuko wa katikati” au “pambano la mwisho”, naye ataelewa unagusa wapi.

Dhana: “Aristotle ndiye aliyeleta sehemu tatu za filamu.”

Hapana. Alisema kitu kizima kina mwanzo, kati na mwisho, na kwamba tanzia ina kufunga fundo na kulifungua, ambazo ni sehemu mbili. Tamthiliya alizozichambua zilitenganishwa na nyimbo za kiitikio. Horasi, mshairi wa Roma, ndiye aliyeagiza sehemu tano, zisipungue wala kuzidi. Muundo wa sehemu tatu kama unavyofundishwa leo kwenye filamu ulienezwa sana na Syd Field, mwalimu wa uandishi wa filamu wa Marekani, kuanzia 1979.

Dhana: “Kisa na msuko ni kitu kimoja, na kisengerenyuma hubadilisha kisa.”

Wanafomalisti wa Urusi, wahakiki waliochunguza umbo la kazi za fasihi, walitenganisha fabula, yaani matukio kwa mpangilio yalivyotokea, na sujeti, yaani namna msimulizi anavyoyapanga. Forster akaongeza kipimo cha tatu: mfalme alikufa, kisha malkia akafa, hicho ni kisa, malkia akafa kwa majonzi, huo ni msuko, kwa sababu tukio moja limezaa jingine. Angalia kwamba “msuko” wa Forster unahusu sababu, wakati sujeti inahusu mpangilio. Vitabu vingi huvitafsiri vyote viwili kuwa ploti, na hapo ndipo vurugu huanzia.

Wanafunzi wetu wanajua muundo wa msago (matukio yanasimuliwa moja kwa moja, la kwanza hadi la mwisho) na muundo wa rejea (msimulizi anarudi nyuma, yaani anatumia kisengerenyuma). Hayo ni majina ya sujeti tu. Hadithi inaweza kuwa ya msago safi na isiwe na sababu hata moja: Nyamizi akaanika, mvua ikanyesha, akaenda Nansio, akarudi. Kuigeuza iwe ya rejea hakutaitibu.

Kipimo ni hiki. Andika kila tukio kwenye kadi yake. Kwa hadithi fupi, kadi 12 hadi 15 zinatosha. Zipange kwanza kwa tarehe. Kati ya kila kadi na inayofuata jaribu kuweka “kwa hiyo” au “lakini”. Ikikubali “kisha” tu, kata au unganisha. Hilo ni tatizo la sababu. Zikishakubali zote, zichanganye upate mpangilio wa kusimulia, na kwa kila kadi iliyotoka mahali pake jiulize msomaji anapata swali gani ambalo asingelipata kwa msago. Kama hakuna swali, irudishe. Kisengerenyuma kinachojibu swali ambalo hakuna aliyeuliza ndicho kinachofanya watu waruke kurasa.

Dhana: “Ngano nzuri ina kazi zote 31 za Propp.”

Vladimir Propp, mtafiti wa ngano wa Urusi, 1928, alichambua ngano 100 za maajabu za Warusi na kupata kazi 31, yaani aina za matendo yanayousukuma mwendo wa ngano. Alidai zinafuatana kwa mpangilio uleule. Hakudai kwamba ngano moja inazo zote, na zipo chache zenye nyingi. Isitoshe, kazi si mhusika. Aliwaweka wahusika kwenye makundi saba ya utendaji (mwovu, mtoaji, msaidizi, binti mfalme na babake, mtumaji, shujaa, shujaa bandia), na mtu mmoja anaweza kugusa makundi mawili.

Jambo linalopotea zaidi ni hili: kazi huamuliwa na maana ya tendo ndani ya mwendo, wala si tendo lenyewe. Masala Kulangwa anaua panzi na anaua Shing'weng'we kwa mkono uleule. Kumuua zimwi ni kazi ya 18, ushindi, na kutoka kwa watu tumboni ni ya 19, kuondolewa kwa upungufu wa mwanzo. Kumuua panzi si ushindi hata kidogo. Utemi wa mwisho unakaa kwenye 31. Na sikio la bibi kizee? Lililo karibu nalo ni kufukuzwa, kazi ya 21, lakini halikai sawasawa, kwa kuwa orodha ilichotwa kwenye ngano za kwingine. Wapo wanaolikata tukio hilo kwa kuwa “linakuja baada ya kilele”. Wanakata sehemu yenye meno kuliko zote: mwokozi anadaiwa na aliyeokolewa.

Mkanganyiko wa namba uko pia kwenye safari ya shujaa, mfumo wa hatua anazopita shujaa kutoka nyumbani hadi kurudi. Joseph Campbell, 1949, ana hatua 17; Christopher Vogler alizifanya 12 kwa ajili ya filamu. Ukisema “hatua ya nane”, taja ya nani.

Dhana: “Kazi isiyopanda mlima haina muundo.”

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na Kiswahili chake kikachapishwa 1980. Ukiipima kwa piramidi utasema imelala. Inaongozwa na mwendo wa maisha: ndoa, kutafuta mtoto, kulea, na desturi zinazoandamana na kila hatua. Mzawa mwingine wa kisiwa hichohicho, Euphrase Kezilahabi, katika riwaya zake fupi za 1990 na 1991 aliuvunja msago kwa makusudi. Zote hizo zina muundo. Zilichokosa ni mnyororo wa lengo na kizuizi, ambao ni aina moja tu ya muundo.

Dhana: “Tarehe ya mwisho huongeza taharuki popote.”

Kuna vikomo viwili, na hadithi huahidi kimoja. Kikomo cha muda: chanja zisimame kabla ya vuli. Kikomo cha njia: mwaloni kuna maeneo matatu tu yanayofaa, na kila linapokataliwa linabaki moja pungufu. Hadithi iliyoanza kwa kuhesabu maeneo, kisha ukurasa wa 40 ikaleta mawingu ya mvua na kuisha kwa sababu mvua imefika, humfanya msomaji ahisi ameibiwa hata asipojua kwa nini. Mvua inaweza kuwepo. Isiwe ndiyo inayofunga.

Dhana: “Mwisho ni mzuri au mbaya.”

Dramatica inauliza maswali mawili: lengo limefikiwa? Na mhusika mkuu ametua mzigo wake? Majibu yanazaa miisho minne. Chanja zimejengwa na Kulwa haoni haya tena. Chanja zimejengwa, Kulwa bado anakaa dawati la nyuma asinukwe. Chanja zimekataliwa, lakini Kulwa anauza dagaa pamoja na Doto. Zimekataliwa, na aibu ipo palepale. Wa pili na wa tatu ndio wanaoulizwa “mbona huu mwisho haueleweki?”, na mara nyingi kosa ni kwamba mwandishi alijibu swali moja akasahau jingine.

Dhana: “Nukta ya kwanza ya msuko lazima iwe ukurasa wa 25.”

Nukta ya msuko ni tukio linaloigeuza hadithi upande mwingine. Namba hiyo ni ya Field, kwa mswada wa filamu wa kurasa 120: sehemu za takriban 30, 60 na 30, nukta ya kwanza karibu ukurasa wa 25 hadi 27, ya pili 85 hadi 90. Ukurasa mmoja unakadiriwa kuwa dakika moja, na makadirio hayo yanakubali tu kwa mswada uliochapwa kwa mpangilio wa kawaida wa filamu, herufi za Courier ukubwa wa 12. Ukichapa kwa herufi nyingine, ukabana nafasi ili kuokoa karatasi, hesabu imevunjika. Kwa filamu fupi ya dakika 20 tumia uwiano: mgeuko wa kwanza karibu dakika ya 5, wa pili karibu ya 15. Kwa riwaya, namba hizo ziache kabisa.